Imani ya Mgonjwa na Tiba ya Nafsi

Neno "wasiwasi" limesafiri mbali kabla ya kutua katika Kiswahili. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni mnong'ono: sauti ndogo inayomjia mtu moyoni na kumtia shaka. Katika mafundisho ya Kiislamu mnong'ono huo hunasibishwa na shetani, amchocheaye mja atilie shaka ibada yake. Katika Kiswahili cha kila siku neno limepanuka likawa jina la kila hofu isiyotulia. Na katika vitabu vya tiba vya Kiarabu neno hilohilo limetumika kwa zaidi ya miaka 1,000 kutaja maradhi: mawazo yanayomrudia mtu pasipo hiari yake na kumwondolea raha.

Neno hilo basi lina milango miwili, wa nyumba ya ibada na wa hospitali. Mtu akisema kwamba wasiwasi umemzidi, shehe au padri atasikia jambo moja na daktari atasikia jingine. Mgonjwa mwenyewe ni mmoja tu, wala hawezi kuiacha imani yake nje ya mlango wa daktari kama aachavyo viatu. Humo ndimo linamozaliwa swali linalowasumbua wengi: je, mwenye kushika dini, akiugua nafsi, atafute mtaalamu wa dini yake? Na kama hayupo, atamjuaje yule atakayemwelewa?

Swali hili si dogo. Wapo waliokimbia matibabu kwa sababu waliona imani yao inadharauliwa. Wapo pia waliobaki miezi na miaka katika maombezi huku ugonjwa wenye tiba ukiendelea kuwala. Sayansi imeanza kutoa majibu, na baadhi yake si yale yaliyotarajiwa.

MFANO WA MWANAFUNZI

Ili jambo hili lieleweke, uchukuliwe mfano wa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni. Kila siku huamka kabla ya wenzake na kwenda bombani kutawadha. Huosha mikono mara 3 kama alivyofundishwa chuoni. Lakini kabla hajafika usoni, shaka humjia: huenda maji hayakufika baina ya vidole. Huanza upya. Hurudia mara 10, mara 20, mpaka ngozi inachubuka. Akisimama kusali, huikariri takbira ya kuhirimia mara nyingi kwa kuhofu kwamba nia yake haikutimia. Wenzake wamekwisha toka msikitini naye bado yumo. Darasani husinzia, na alama zake zimeshuka. Mmoja amemwambia kwamba ana jini. Mwingine humsifu kwa uchamungu.

Mwanafunzi huyu aweza kukutana na wasaidizi wa aina tatu. Wa kwanza humsikiliza kwa dakika chache, kisha humwambia, "Pumzika na mambo ya sala kwa mwezi mmoja, akili itulie." Mwanafunzi huitikia kwa adabu, huondoka, na harudi tena. Wa pili humwambia azidishe ibada na nyiradi, kwani udhaifu wa imani ndio uliomfikisha hapo. Mwanafunzi hutii, na kwa kuwa kila ibada inayoongezwa ni mahali pengine pa kutilia shaka, hali yake huwa mbaya zaidi.

Wa tatu humwuliza, "Mwanangu, mwalimu wako wa chuo alikufundisha uoshe kila kiungo mara ngapi?"

"Mara tatu, daktari."

"Na mtu akizidisha?"

"Ni makuruhu. Ni kufuja maji."

"Basi huyo akuamuruye kuosha mara ya ishirini si mwalimu wako, wala si dini yako. Huyo ndiye ugonjwa, nasi tutamshughulikia."

Msaidizi huyu wa tatu hakuhitaji kuwa Mwislamu ili aulize swali hilo. Alihitaji kujua kwamba dini ya mgonjwa ina mipaka yake yenyewe, na kwamba ugonjwa umeivuka. Alimwachia mgonjwa aitaje mipaka hiyo kwa kinywa chake.

JINSI UGONJWA UNAVYOJILISHA

Ugonjwa wa mwanafunzi huyu unajulikana ulimwenguni kote, na kila dini huuvika nguo zake. Kwa Mwislamu aghalabu huonekana katika udhu, tohara na sala. Kwa Mkatoliki huonekana katika kitubio: mtu huungama, huondoleewa dhambi, na kabla hajafika nyumbani hushikwa na hofu kwamba alisahau dhambi moja. Asiye na dini aweza kuwa nao vilevile, akirudi mara 30 kutazama kama amefunga mlango au amezima jiko.

Utaratibu wake ni huu. Wazo la kutisha huingia, nalo huleta hofu kali. Mgonjwa hufanya tendo la kuituliza: huosha, huungama, hutazama tena. Hofu hushuka kwa muda mfupi. Nafuu hiyo ndiyo mtego, kwani ubongo hujifunza kwamba tendo lile ndilo lililomwokoa, na safari ijayo hulidai kwa nguvu zaidi. Kila kurudia ni kuulisha ugonjwa.

Tiba ya mazungumzo iliyothibitika kuufaa zaidi huukata mzunguko huo hapo hapo. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer, akifanya kazi London, alichapisha taarifa ya wagonjwa 2 waliosaidiwa kuyakabili yale waliyoyaogopa huku wakizuiwa kurudia matendo yao. Hofu ilipanda, na ilipoachwa bila kutulizwa ikashuka yenyewe. Njia hiyo imeendelezwa na kupimwa mara nyingi tangu hapo, na hutumika pamoja na dawa au bila dawa.

Lakini tiba hiyo humdai mgonjwa akubali kubaki na shaka kwa muda. Kumwambia mtu wa dini aache udhu kabisa ni kumtaka aivunje ibada yake, naye atakataa kwa haki. Kumwambia aoshe mara 3 tu, kisha asali na shaka yake, ni kumrudisha katika sheria ya dini yake mwenyewe. Hapo shehe aweza kuwa msaidizi mkubwa wa daktari, kwani fiqhi ina kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Elimu ya dini na elimu ya tiba hukutana katika ushauri mmoja.

WATANGULIZI WA ZAMANI

Kukutana huko si jambo jipya. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyezaliwa Balkh, katika Afghanistan ya leo, na kufariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya miili na ya nafsi. Aliwalaumu matabibu walioshughulikia mwili na kuisahau nafsi. Alieleza maradhi ya nafsi katika mafungu ya hasira, hofu, huzuni na wasiwasi. Alitofautisha hata huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na ile inayomshika mtu pasipo sababu ya wazi. Huko Cairo hospitali ya Sultani Qalawun, iliyojengwa mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili pamoja na sehemu za maradhi ya mwili.

Upande wa Ukristo, Ignatius wa Loyola, ambaye baadaye aliasisi Shirika la Wajesuiti, aliteseka huko Manresa, Hispania, kuanzia mwaka 1522. Alirudia kuungama dhambi za zamani bila kupata amani, hata mawazo ya kujiua yakamjia. Mwungamishaji wake alimwamuru asiungame tena mambo yaliyopita, isipokuwa yaliyo wazi kabisa. Amri hiyo haikumsaidia, kwa kuwa kwake kila jambo lilikuwa wazi. Alipata nafuu alipoazimu kuacha kabisa kuungama yaliyokwisha pita. Msomaji ataona jinsi azimio hilo linavyofanana na tiba iliyokuja kuelezwa karne 4 baadaye.

Mwaka 1790 mjane Mwingereza aitwaye Hannah Mills alifia katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini York. Alikuwa wa madhehebu ya Quaker, ambayo katika Afrika Mashariki hujulikana kwa jina la Marafiki na yana waumini wengi magharibi mwa Kenya. Wenzake wa imani walikuwa wamezuiwa kumwona. Kifo chake kiliwafanya Marafiki, wakiongozwa na mfanyabiashara William Tuke, kujenga nyumba yao ya matibabu, iliyofunguliwa mwaka 1796. Humo minyororo iliondolewa, na wagonjwa walipewa kazi, bustani, mazungumzo na heshima. Nyumba hiyo ikawa mfano kwa nchi nyingi. Haja ya jamii moja kupata watu wanaoielewa imani yake ilizaa faida kwa wagonjwa wa kila imani.

MFARAKANO NA MAPATANO

Karne ya 20 ilianza kwa ugomvi. Daktari Sigmund Freud wa Vienna, mwasisi wa tiba ya uchambuzi wa nafsi, aliandika mwaka 1907 makala iliyolinganisha ibada na matendo ya kurudiarudia ya wagonjwa wake. Mwaka 1927 alitoa kitabu kizima kikiiita dini ndoto ya matumaini. Wataalamu wengi waliomfuata waliichukua imani ya mgonjwa kuwa sehemu ya ugonjwa wake.

Hata hivyo rafiki wa Freud, Oskar Pfister, alikuwa mchungaji wa kanisa mjini Zurich, na alitumia uchambuzi wa nafsi katika kazi yake. Mwaka 1928 alimjibu kwa maandishi, na urafiki wao haukuvunjika. Freud mwenyewe alikuwa amekwisha mwandikia mwaka 1909 kwamba tiba ile, kwa asili yake, si ya dini wala si ya kupinga dini, bali ni chombo kinachoweza kutumiwa na padri na asiye padri.

Mapatano rasmi yalikuja polepole. Mwaka 1994 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliingiza katika mwongozo wake wa utambuzi fungu la matatizo ya kidini na kiroho. Yalitajwa kuwa mambo yanayostahili kushughulikiwa, wala hayakuitwa ugonjwa. Mwaka 2016 Chama cha Dunia cha Madaktari wa Akili kilitoa tamko kwamba daktari anapaswa kuuliza habari za imani ya mgonjwa kama aulizavyo historia ya afya yake. Tamko hilo lilimkataza pia daktari kutumia nafasi yake kumvuta mgonjwa kwenye dini fulani au kumtoa katika dini.

MAJARIBIO YASEMAVYO

Mwaka 1992 mwanasaikolojia Rebecca Propst na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusu Wakristo 59 wenye sonona, yaani huzuni ya ugonjwa. Baadhi walipewa tiba ya kawaida ya kurekebisha fikra na matendo. Wengine walipewa tiba hiyohiyo iliyotumia hoja na taswira za dini yao. Kundi jingine lilipata ushauri wa kichungaji, na la mwisho lilingojea. Waliopata tiba yenye mafunzo ya dini walipona vizuri zaidi ya waliongojea. Jambo lililowashangaza wengi ni hili: wanasihi wasio na dini walioitumia tiba ya kidini walipata matokeo mema kuliko wote.

Jaribio hilo lilikuwa dogo, na sayansi haisimami juu ya jaribio moja. Mwaka 2015 Harold Koenig na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la watu 132 waliokuwa na sonona pamoja na maradhi ya muda mrefu ya mwili. Walikuwamo Wakristo, Waislamu, Wayahudi, Wahindu na Wabuddha. Tiba ya kawaida na ile iliyochanganywa na imani zilileta nafuu sawa kwa jumla, ingawa kwa walioshika dini sana ile ya pili ilielekea kuwafaa kidogo zaidi. Mwaka 2018 uchambuzi uliojumlisha tafiti 97 ulionyesha kwamba, tiba mbili zinapofanana katika mengine yote, kuongeza imani hakuzidishi sana nafuu ya dalili za ugonjwa. Kunachozidisha ni utulivu wa kiroho wa mgonjwa.

Matokeo haya yakitazamwa pamoja yanatoa fundisho moja. Si lazima mnasihi asali mahali asalipo mgonjwa. Linalotakiwa ni ustadi katika kazi yake, na utayari wa kuichukua imani ya mgonjwa kuwa jambo la kweli katika maisha yake. Asiye wa dini moja na mgonjwa hulazimika kuuliza, na katika kuuliza hujifunza. Aliye wa dini moja naye ana hatari zake: huenda akadhani amekwisha elewa kabla hajasikiliza. Tena katika mji mdogo, mgonjwa huona haya kumfunulia siri zake mtu ambaye Ijumaa au Jumapili wataketi safu moja.

IMANI INAPOKUWA JERAHA

Imani huwasaidia wagonjwa wengi kustahimili. Lakini yaweza pia kuwa mahali penye maumivu, na mtaalamu asiyeiuliza hataliona jeraha. Mwaka 2001 Kenneth Pargament na wenzake walichapisha utafiti uliowafuatilia kwa takriban miaka 2 wagonjwa 596 wa hospitali katika jimbo la North Carolina, Marekani, wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Waliokuwa wakijiuliza kama Mungu amewaacha, waliotilia shaka upendo wa Mungu kwao, na walioamini kwamba shetani ndiye aliyewaletea ugonjwa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa. Hatari hiyo ilizidi kwa kati ya asilimia 19 na 28, hata baada ya kuzingatia hali ya afya yao.

Utafiti kama huo hauonyeshi kwamba fikra hizo ndizo zilizoua. Waonyesha kwamba mwenye fikra hizo anahitaji kusikilizwa, naye hatazisema mbele ya mtu anayemhofia kwamba atazicheka au atamkemea.

Yako pia mambo ya dawa. Mgonjwa anayetumia lithiamu kutuliza mpando na mshuko wa hisia anapaswa kuwa na maji ya kutosha mwilini, kwani upungufu wa maji huweza kuongeza kiasi cha dawa katika damu hadi kudhuru. Daktari asiyejua kwamba mgonjwa wake hufunga Ramadhani hatamwonya. Mgonjwa anayeogopa kukatazwa kufunga naye hatasema. Wakizungumza kwa uwazi, damu itapimwa, saa za dawa zitapangwa kwa futari na daku, au mgonjwa ataelekezwa kwa mwanachuoni amweleze ruhusa aliyopewa mgonjwa katika sheria.

MILANGO MIWILI KATIKA AFRIKA

Katika Tanzania tiba ya kisasa ya akili ilianza mikononi mwa watu wa dini. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kilutheri wa Kijerumani walianza kuwatunza wagonjwa wa akili katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1927. Lakini wagonjwa wengi hawakuanzia hospitali, wala hawaanzii huko hata sasa. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 uliwalinganisha waliokwenda vituo vya afya na waliokwenda kwa waganga wa jadi. Asilimia 24 ya wale wa vituo vya afya walikuwa na maradhi ya kawaida ya nafsi, kama sonona na hofu. Kwa waganga ilikuwa asilimia 48, yaani maradufu.

Daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alilitambua jambo hili mapema. Kuanzia mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, aliwaweka wagonjwa katika vijiji vya jirani pamoja na ndugu zao, wakija hospitali kwa matibabu, na aliwashirikisha waganga wa jadi katika kazi yake.

Siku hizi mashirikiano hayo yamepimwa kwa majaribio. Nchini Ghana dawa zilipelekwa katika kambi moja ya maombi. Wagonjwa 139 waligawanywa kwa bahati nasibu: wote waliendelea na maombi, na nusu yao wakapewa pia dawa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba dalili za waliopata dawa zilipungua zaidi. Lakini siku walizokaa katika minyororo hazikupungua. Fundisho hilo ni chungu: dawa peke yake haifungui mnyororo, mpaka wenye kambi nao wabadilike. Mwaka 2020 jaribio jingine la Ghana na Nigeria, lililowahusu wagonjwa 307 wenye maradhi makali ya akili, lilionyesha kwamba waganga na waombezi waliofunzwa na kufanya kazi pamoja na wahudumu wa afya walipata matokeo bora kuliko pale kila mmoja alipofanya kazi peke yake. Huko Makueni, Kenya, viongozi wa dini na waganga wa jadi wamefunzwa vilevile kutambua dalili na kuwapeleka wagonjwa vituo vya afya.

NAMNA YA KUMTAMBUA MTAALAMU AFAAYE

Wataalamu wa akili ni wachache, na mgonjwa wa wilayani mara nyingi hana wa kuchagua. Lakini hata aliye na mtaalamu mmoja tu aweza kumwuliza maswali, na maswali hayo si utovu wa adabu. Katika mkutano wa kwanza yafaa kuuliza: Je, amefunzwa wapi, na kazi gani? Je, amewahi kuwahudumia watu wa imani hii? Akikutana na jambo la dini asilolijua, hufanya nini? Je, yu tayari kushauriana na shehe, padri au mchungaji, kwa idhini ya mgonjwa? Siri zitatunzwaje?

Jibu zuri si lazima liwe la mjuzi wa dini. Mtaalamu asemaye, "Sijui, nieleze," amekwisha onyesha sifa ya kwanza ya kuaminika.

Ziko dalili za kumwepuka mtu, awe amevaa koti jeupe au joho. Naye ni yule anayemtaka mgonjwa aache dini yake, au ahamie dini nyingine, ndipo apone. Ni anayemwamuru aache dawa za hospitali bila kushauriana na daktari aliyezitoa. Ni anayefunga kwa minyororo, kupiga au kumnyima mgonjwa chakula. Ni anayetoza fedha zaidi kila ugonjwa unapozidi, na anayesimulia siri za wagonjwa wengine, kwani kesho atasimulia za huyu.

Wakati mwingine hakuna nafasi ya kuchagua wala kungoja. Mtu anayesikia sauti wasizozisikia wengine, aliyekaa siku kadhaa bila kulala wala kula, au anayesema anataka kufa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Maombi yanaweza kufuatana naye njiani.

WAJIBU WA MWALIMU

Mara nyingi mwalimu ndiye wa kwanza kuona. Mikono iliyochubuka, mwanafunzi anayechelewa kila sala au kila misa, alama zinazoshuka bila sababu, kijana aliyekuwa mcheshi na sasa hasemi: hizi ni habari, wala hazistahili fimbo. Mwalimu hana haja ya kutoa hukumu kama jambo ni la jini au la ubongo. Kazi yake ni kumketisha mwanafunzi mahali pa faragha, kumsikiliza bila kumkatiza, na kumwuliza ni nani angependa ajulishwe: mzazi, mwalimu wa unasihi, kiongozi wa dini yake au muuguzi.

Shule inaweza kufanya zaidi. Mkuu wa shule aweza kuwakutanisha mara moja kwa mwaka walimu wa dini wa madhehebu yote na mhudumu wa afya ya akili wa hospitali ya wilaya au ya mkoa. Wakae pamoja waelezane: ni dalili zipi shehe au padri akiziona ampeleke mwanafunzi hospitali, na ni maswali yapi ya dini daktari ayarudishe kwao. Makubaliano hayo yaandikwe, yabandikwe katika chumba cha walimu, na jina la mtu wa kuitwa lijulikane kabla hajapatikana mgonjwa. Mwanafunzi atakayesimama bombani alfajiri na shaka yake atakuwa na mahali pa kwenda, na yeyote atakayemwendea kwanza atajua ni nani wa kumfuata baadaye.